Damu Kwenye Mswaki

Jumapili, 5 Oktoba 2025. Kimaka, Jinja.

Leo nimesoma somo la kwanza kanisani huku kinywa kikivuja damu.

Si nyingi. Lakini ladha ya chuma ilianza kwenye mstari wa pili, na hadi namaliza nilikuwa nameza badala ya kupumua. Mtoto wa askari mmoja, kiti cha mbele, alinitazama meno badala ya macho. Nikafunga kitabu, nikarudi mahali pangu. Wakati wa komunyo nilisita. Je, ni halali kuipokea hostia katika kinywa kama hiki? Sikuuliza. Nikapokea, nikaomba radhi kimoyomoyo.

Mambo haya yalianza kabla ya Pasaka: damu kidogo kwenye mswaki. Sasa ni kila asubuhi. Fizi zimevimba, zinang'aa kama ngozi iliyoungua. Jino moja la chini linacheza. Miaka yote ile nimewafundisha maofisa Kiswahili, nikiwaambia waheshimu ulimi na meno yao, na sasa meno yangu mwenyewe yanataka kunikimbia!

Dawa yangu ni ya kambini: waragi. Si ya kunywa. Pombe haijapita kooni mwangu tangu ujana. Ni ya kusukutua na kutema. Sajini wetu wa zamani alisema hakuna mdudu anayejua kuogelea kwenye waragi. Tulimwamini, maana yeye alikuwa na meno yote. Ninaenda kuinunua mbali, Bugembe, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, na kuihamishia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

Baada ya Misa, Padre Emma alinishika mkono. Tangazo la ndoa yetu litasomwa Jumapili ya tarehe kumi na tisa, alisema, ila kwanza kila mmoja wetu alete cheti cha kupima damu.

"Utaratibu wako mwenyewe, Mzee Romano!" Akacheka.

Ni kweli. Ni mimi niliyegonga meza katika baraza la parokia: pasitangazwe ndoa yoyote kabla wachumba hawajapima. Hata nikaongeza, wazee pia. Nani alinituma kuongeza wazee pia?

Orpah, mchumba wangu, atakuja Wanyange, kule ufukweni, Alhamisi kununua samaki. Nikifikiria jina lake tu, natabasamu. Kisha nakumbuka fizi, nafunga mdomo.


Jumatatu, 6 Oktoba.

Nimekwenda kwa daktari wa meno, Isabirye. Kijana mpole, mikono safi. Kiswahili chake kimechakaa lakini kinatembea.

"Afande, fungua. Fungua mzuri. Eh! Hapa iko vita."

Nilitaka kusema kuna vita. Kioo chake kilikuwa juu ya ulimi, ikatoka sauti ya mbuzi.

Akanusa. Akarudi nyuma kidogo. "Afande, asubuhi hii umeshaanza?"

"Ninasukutua tu."

"Hata rafiki zangu wanasukutuaga," alisema. "Wao tu hawatemi."

Nikamweleza kwa ukali. Akaacha kucheka. Alisema waragi inaunguza nyama ambayo tayari inaungua. Ni kama kuzima moto wa jiko kwa mafuta ya taa.

Halafu alinifundisha, na lazima nikiri kwamba alifundisha vizuri. Ninayaandika kwa maneno yangu ili nisiyasahau. Uchafu wa chakula hugandamana na jino, chini ya ufizi, ukawa mgumu kama jiwe. Humo wanakaa bakteria. Mwili unawaona, unatuma jeshi lake: damu, joto, uvimbe. Jeshi hilo likikaa siku chache, ni ulinzi. Likikaa miezi, linaanza kula wananchi. Mfupa unaoshika jino haumalizwi na wadudu peke yao. Unamalizwa na moto wa mwili wenyewe.

Hilo nalijua. Nimeishi kambini. Jeshi lisilorudi kambini ni balaa.

Kisha akauliza kama nilikuwa na homa hivi karibuni. Malaria, nikasema, mwezi uliopita, na midomo ikatoka malengelenge. Akaitikia kama mtu aliyesubiri jibu hilo. Kuna kirusi, alisema, ambacho karibu kila mtu hukiokota utotoni. Hakitoki. Kinalala kwenye mshipa wa fahamu. Homa ikija, au jua kali, au mawazo mengi, kinaamka na kutokea mdomoni. Na wataalamu wamevikuta virusi vya ukoo huo ndani kabisa, kwenye mifuko ya fizi zilizooza. Wanadhani vinawachanganya walinzi wa mwili, halafu bakteria wanapata nafasi. Hawajawa na hakika bado. Nilimheshimu kwa kusema hawajawa na hakika.

Mpaka hapo tulikuwa marafiki.

"Sasa Afande, mtu kama fizi iko hivi, tunauliza: walinzi nani amewachosha? Tupime damu. Sukari. Na ile kirusi ingine."

"Kirusi gani?"

"Afande unajua."

"Sijui. Sema."

"Ya silimu."

Ukimwi, basi. Nikashuka kwenye kiti. Sikutukana. Nilimwambia kwamba mimi ni mjane mwenye umri wa miaka sabini na moja, mzee wa parokia, na kwamba swali lile waulizwe vijana. Alisema, kwa upole uliozidi kuniudhi, kwamba kirusi hakiombi kitambulisho.

Nilifika getini bado nimefungwa shingoni kile kitambaa ambacho daktari huwavalisha wagonjwa wasichafuke. Askari wa getini akapiga saluti. "Afande, wamekulisha uji?"


Jumanne, 7 Oktoba.

Sikulala vizuri. Nimekula uji, nikakumbuka askari yule, nikaukasirikia uji.

Najiuliza kuhusu Eseza. Marehemu mke wangu alikohoa mwaka mzima kabla ya kufa. Walisema kifua. Nilikubali kifua. Siku zile hatukuuliza zaidi ya hapo. Aliyeuliza alionekana kama anayechimba kaburi. Mdomo wake ulikuwa na vidonda pia. Nilimpangusa kwa pamba na maji ya chumvi. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko sura ya daktari.

Miaka mingi imepita. Nina afya. Ninalima bustani. Napanda kilima bila fimbo.

Lakini Isabirye alisema kinalala.

Hapana. Yule anayelala ni yule mwingine, wa midomo. Ninavichanganya sasa! Nimekwenda bustanini, nikapalilia hata palipokuwa safi.


Alhamisi, 9 Oktoba.

Sikukuu ya uhuru. Redio zote hotuba. Nimekwenda Wanyange kukutana na Orpah.

Orpah ni mjane, Mkenya wa upande wa Busia, mfanyabiashara wa samaki. Ananunua hapa ziwani na kuuza soko la Mbale. Mumewe alikuwa dereva wa trela katika barabara ya Mombasa, mlevi wa kutupwa, na alipofariki alimwachia mtoto mmoja, Ooko, ambaye sasa ni mtu mzima. Nilipomposa aliniwekea sharti moja tu. Hataki harufu ya pombe ndani ya nyumba tena. Nilimwambia amempata mtu sahihi.

Nilisukutua mara mbili kabla ya kuondoka. Nilijua Isabirye amekataza. Lakini fizi zilikuwa zinanuka, na sikutaka anisikie harufu. Ujinga wa mzee una ndevu.

Nilimkuta ameinama juu ya beseni, anafunua mashavu ya samaki kwa kidole gumba. Wanawake wenzake wakanipokea kwa kelele.

"Bwana harusi huyo!"

"Mbona haongei? Ameweka maneno benki?"

"Mwalimu," Orpah akasema, "leo umenuna kama mtu aliyenyimwa pensheni."

Nilitikisa kichwa. Nilitabasamu midomo ikiwa imefungwa. Najua nilionekana kama mtu anayeficha peremende. Aliniuliza habari za bustani, nikajibu "njema." Aliniuliza kama Padre amepanga siku, nikajibu "amepanga." Aliniuliza tutapima damu wapi, Jinja au Mbale. Nikatazama ziwa.

Akafunga ngege mmoja mkubwa kwenye gazeti, akaja kunikabidhi mkononi. Akafika karibu. Akasimama.

Pua yake ikafanya kazi iliyoizoea.

Aliniachia samaki, akarudi kwenye beseni lake, akanipa mgongo. Ningeweza kueleza pale pale! Ningesema, ni dawa, ni fizi, tazama. Lakini mbele ya wanawake wale wote nifungue kinywa hiki? Nikaondoka na ngege wangu. Jirani yangu Annah amemchukua, mimi siwezi kutafuna.


Ijumaa, 10 Oktoba.

Annah amerudisha sahani, pamoja na habari. Yeye ni mkubwa wa akina mama wa parokia, na habari haipiti nyumba yake bila kupumzika.

"Afande, samahani, wewe ni baba yetu. Lakini wanasema wamekuona Bugembe na kofia."

"Kofia ni dhambi?"

"Kofia si dhambi. Ile chupa."

Nikamwambia ni dawa ya meno. Akaitikia, "Ndiyo, Afande," kwa sauti ambayo watu hutumia kwa wagonjwa na watoto.

Mchana Orpah akapiga simu. Sikuwahi kumsikia akiongea polepole hivyo.

"Mwalimu, sitagombana. Niambie ukweli tu. Unakunywa?"

"Sinywi. Ninasukutua."

Akacheka, na kicheko hakikuwa kizuri.

"Marehemu alianza hivyo hivyo. Jino linamuuma, anasukutua. Meno yakaisha, akaendelea kusukutua."

"Orpah, nisikilize—"

"Nimesikiliza mwanamume mmoja maisha yangu yote. Mwambie Padre asitangaze kwanza."

Akakata.

Nilisimama na simu mkononi kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Nimetembea kutoka mlangoni hadi dirishani mpaka zulia likakunjamana. Naweza kumthibitishia vipi? Fizi ndizo ushahidi. Na nikimwonyesha fizi, ataniuliza daktari alisema nini. Na nikimwambia daktari alisema nini—

Nimemwaga waragi bafuni. Nyumba nzima sasa inanuka kama kilabu cha pombe. Nimefungua madirisha yote.


Jumamosi, 11 Oktoba.

Nimerudi kwa Isabirye. Kitambaa chake nilikifua na kukipiga pasi. Alikipokea kwa mikono miwili, bila mzaha, na hapo nikamsamehe.

Amenisafisha upande wa chini. Alikwangua jiwe lile kipande kwa kipande, akanionyesha: jeusi, kama mchanga wa mtoni. Damu ilitoka, nikatema, ikatoka. Anasema nyama itashikamana tena na jino ikiwa nitapiga mswaki taratibu, bila kufukuza wadudu kama adui. Jino linalocheza huenda likakaa. Huenda. Amenipa maji ya kusukutua ya duka la dawa. Yana rangi ya waridi na ladha ya sabuni. Ninayapenda.

Sukari amepima. Iko juu kidogo, niache chai ya vijiko vingi. Basi, nilimwambia, mlinzi aliyechoka amepatikana! Ni sukari! Akatikisa kichwa. Sukari inachosha walinzi, alisema, lakini haizuii wengine kuwachosha pia. Ile nyingine bado.

"Nitapima Mbale."

"Sawa Afande. Kirusi haibagui Jinja na Mbale."

Nimeamua kwenda. Hilo la Mbale lilinitoka tu mdomoni, lakini likishatoka, limetoka. Orpah yuko Mbale. Nitasimama mbele yake nimwambie yote, moja baada ya jingine. Au nitamwambia la waragi tu. Hilo linatosha kwanza.

Hapana. Yote.

Tutaona.


Jumapili, 12 Oktoba.

Sikusoma somo. Koplo Sam alisoma badala yangu. Alivuruga majina yote ya manabii, na waumini wakasikiliza kwa utulivu kuliko wanavyonisikiliza mimi. Hakuna aliyetazama meno yake.

Padre Emma alinisubiri mlangoni. Annah alikuwa amefika kwake kabla yangu. Nikamweleza la fizi, hapo hapo, kwa sauti ya chini. Alinisikiliza, akaniuliza swali moja tu: "Na damu, Mzee, umeshapima?"

"Naenda Mbale kesho."

"Unaogopa?"

Nikasema hapana. Akasema yeye aliogopa, wakati wake, na hakuwa na sababu ya kuogopa. Kisha akageuka kuwabariki watoto. Sikujua mapadre pia hupima.


Jumatatu, 13 Oktoba. Mbale.

Nimefikia kwa binti yangu Lillian, huku Wanale, chini ya mlima. Mawingu yamekaa kilimani tangu asubuhi, na hewa ni baridi. Lillian alinipikia viazi laini bila kuambiwa. Annah ana simu ndefu.

"Baba, kweli unakunywa?"

"Lillian!"

"Nimeuliza tu. Ukinywa, nitajua nifiche nini."

Mchana nikaenda sokoni. Orpah alikuwa mezani pake, kisu mkononi, magamba hadi kwenye viwiko. Aliponiona hakusimama. Aliendelea kumpara sangara kana kwamba samaki huyo alimkosea.

"Mwalimu. Umekuja na chupa?"

"Nimekuja na mdomo."

Sijui lilinitoka wapi. Mteja aliyekuwa akichagua samaki akainua macho. Nikaanza kueleza, na maelezo yakawa marefu, na nikajisikia nikihutubia. Nilianza na bakteria. Nikaenda kwenye mwili unaojiunguza wenyewe. Orpah akaweka kisu chini.

"Wacha masomo. Fungua nione."

"Hapa?"

"Mimi mali yangu naikagulia sokoni. Fungua."

Nikafungua. Miaka yote ile ya kusimama wima, na leo nimesimama Mbale, katikati ya soko, kinywa wazi kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo. Akanawa mikono, akafuta kwa khanga, akanishika kidevu. Akavuta mdomo wa chini kwa kidole gumba, kama afanyavyo kwa samaki. Alitazama muda mrefu. Alinusa pia! Nilikuwa nimesukutua kwa yale maji ya waridi.

"Sabuni," alisema.

Halafu: "Samaki akiwa na matamvua mekundu hivi, tunasema ni wa leo, namnunua mara moja. Lakini wewe..." Akaachia mdomo wangu. "Mwalimu, hii inauma?"

Nikasema inauma. Sijui kwa nini macho yalijaa maji. Lilikuwa swali la kawaida tu.

Mteja akanunua sangara bila kuomba kupunguziwa bei. Nadhani alitaka kuondoka.

Nikamwambia Orpah yote. La Isabirye, la kitambaa, la askari wa getini. Hilo lilimchekesha hadi akashika meza. Nikamwambia la Eseza na kile kifua. Hapo hakucheka. Alichukua tambara, akafuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Kwa hiyo ndiyo maana uliangalia ziwa," alisema.

"Ndiyo."

"Nilifikiri hunitaki."

"Mimi?"

"Wewe ukinyamaza, mtu anaweza kufikiri lolote."

Akasema twende kesho asubuhi, kituo cha afya, kabla hajafungua meza. Alilisema haraka, kama mtu anayemeza kidonge. Nikafurahi mno. Nimerudi Wanale nikiimba, na Lillian amenikagua kwa macho tangu mlangoni.


Jumanne, 14 Oktoba. Kituo cha afya, Mbale.

Ninaandika kwenye benchi, daftari juu ya goti. Wengine hapa wana rozari, mimi nina hili.

Tulifika mapema. Orpah amevaa gomesi ya buluu ya kanisani. Mimi suti. Mlinzi aliuliza kama tumekuja arusini. Orpah alimjibu, "Bado, tunapita kwanza kwa mkaguzi."

Mshauri ni binti mwenye sauti ya chini, anaitwa Nakisige. Alitueleza kwa utaratibu. Wanatoboa kidole, wanadondosha damu kwenye kifaa kidogo. Ukitokea mstari mmoja, kirusi hakikuonekana, mtu anapewa cheti. Ikitokea miwili, hawasemi neno. Wanachukua kifaa cha aina nyingine na kupima tena, ndipo wanaongea. Kisha kuna dawa, alisema, na watu wanaishi, wanaoa, wanazeeka. Nilimsikiliza kwa makini kama ninayesahihisha insha. Orpah alikuwa akitazama bango la ukutani.

Halafu Nakisige akauliza, "Mnaingia pamoja, au mmoja mmoja?"

Orpah akanigeukia. Nikajibu mimi, upesi, kwa sauti ya gwaride: "Mmoja mmoja."

Nilitaka nikianguka nianguke bila shahidi. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

"Haya," Orpah akasema.

Niliingia wa kwanza. Sindano haikuuma. Kusubiri ndiko kulikouma. Nakisige aliniuliza habari za wajukuu, nikamjibu sijui nini. Nilikuwa nikimwona Eseza na ile pamba.

Mstari mmoja.

Nikamwomba atazame tena. Akatazama tena. Mmoja. Akasema fizi ni fizi, zina maradhi yake, niendelee na daktari wangu, na nipunguze sukari. Nilitaka kumbusu paji la uso! Nilimpa mkono tu, nikaushika kupita kiasi. Nilitoka na karatasi, na Orpah akaisoma usoni mwangu kabla sijaikunjua. Akafumba macho kidogo. "Asante Mungu," alisema. Akanipa mkoba wake nimshikie, akanyoosha gomesi, akaingia.

Yote haya nimeyaandika akiwa ndani. Mwandiko ni mbaya kwa sababu ya furaha. Nilikuwa tayari nawaza tangazo la Jumapili, na namna nitakavyomtumia salamu Isabirye, na Annah nitamwambia nini.

Sasa hivi mlango umefunguliwa. Nakisige ametoka peke yake, akaenda kwenye kabati la ukumbini. Amechukua kisanduku. Si kile cha mwanzo. Kile kilikuwa cheupe. Hiki kina mstari wa kijani. Amepita mbele yangu na hakunitazama, yeye ambaye muda mfupi uliopita tulikuwa tukicheka naye. Amefunga mlango.

Inawezekana kifaa cha kwanza kimeharibika. Vitu huharibika. Inawezekana ni cha mtu mwingine.

Hakuna mtu mwingine ndani.

Wiki nzima nimejipima mimi. Fizi zangu, jina langu, marehemu wangu. Jana nimesimama pale nikamweleza kila ninachokiogopa, akafuta meza iliyokwisha kufutwa, nami nikarudi nyumbani nikiimba. Sikumwuliza hata neno moja. Yeye pia alizika mtu. Yeye pia miaka yote hii ana jambo ambalo hakuna aliyemwuliza.

Hakuna sauti inayotoka ndani.

Nimebisha. Nakisige amefungua kidogo. "Mzee, kaa kwanza. Tunamaliza." Nimemwambia nataka kuingia. "Mlisema mmoja mmoja," amenijibu, kwa upole kabisa. Ni kweli. Nilisema. Nyuma ya bega lake nimeuona mgongo wa Orpah, mabega ya gomesi yamesimama, mkono mmoja juu ya meza, kidole kimefungwa pamba. Hakugeuka. Nikamwita. Nikasema, niingie, Orpah? Mlango ukafungwa kabla sijasikia jibu.

Mama mmoja ananipisha benchini, anasema kaa, Mzee, utachoka. Sikai. Ninaandika nimesimama, daftari ukutani, mkoba wake begani kwangu. Nimebisha tena.